Mara Tatu Badrinath

Jumamosi, 25 Mei

Mimi nimezaliwa na bahati. Sijisifu, natoa taarifa tu. Nimefika Badrinath mara tatu, na mara zote tatu mawingu yalifunguka nilipotia mguu uwanjani. Kuna watu huenda mara saba wakaambulia ukungu na mafua. Si Lekhraj Saini!

Leo mtaa wetu wa maseremala hapa Saharanpur umenikabidhi safari. Basi moja, mahujaji ishirini na sita, kiongozi mmoja. Nilikuwa kwenye kibanda cha chai nikieleza hekalu lilivyo, marumaru nyeupe tupu kuanzia chini hadi juu, watu vinywa wazi, mara Mama Mkubwa Ramkali akaja na fimbo yake akasimama mbele yangu. Chai ikanipoa mkononi.

Huyu ni mjane wa pale kona. Miaka sabini na minne, hana mtoto. Mumewe alikuwa fundi saa, akafariki miaka kumi na moja iliyopita, siku ya mwezi kuwa gizani, katika mwezi wa Jeth wa kalenda yetu. Mwaka huu siku hiyo inaangukia Alhamisi, tarehe 6 Juni. Anataka mumewe afanyiwe tambiko la matonge ya wali kule Badrinath, pale Brahma Kapal kando ya mto, siku hiyohiyo, kabla ya saa sita mchana. Likifanyika pale, basi. Roho imepumzika, hakuna tena kulisha kunguru kila mwaka kwa niaba yake. Lakini tambiko linataka mkono wa mtoto wa kiume. Akasema macho yake yanaziba, mwaka ujao hatauona hata mlima wenyewe. Akasema mimi nimefika mara tatu, kila kitu nakijua. Je, nitakuwa mkono wake?

Nikasema ndiyo kabla hajamaliza. Moyo mkubwa, ndiyo kasoro yangu pekee.

Nyumbani Bimla, mke wangu, akaniuliza, "Baba Guddi, mwezi uliopita si zilikuwa mara mbili?" Nikamwambia dengu zinaungua. Hazikuwa zinaungua.

Jumatatu, 27 Mei

Kedarnath, hekalu la pili la safari, nimeifuta. Kule kuna kupanda kwa miguu kilomita kumi na nne. Nimetangaza kwamba ni huruma kwa magoti ya wazee. Magoti yenyewe ni yangu, lakini na mimi nitazeeka siku moja.

Tatizo la siku: kiti cha mbele, nyuma ya dereva. Pale ndipo mtu hatapiki kwenye kona. Nimemwahidi Mama Mkubwa. Pia nimemwahidi mwenye duka la peremende, maana anatoa debe la samli. Pia mke wa fundi bomba, maana alilia. Pia Bwana Tyagi, ili anyamaze. Pia mimi mwenyewe, kimoyomoyo.

Bwana Tyagi hakunyamaza. Ni mkuu wa stesheni mstaafu, na filimbi alistaafu nayo. Ametengeneza ratiba ya safari dakika kwa dakika, kapiga mistari kwa rula. Akaja kuniuliza mbele ya watu kiti cha mbele kina makalio mangapi. Nikamweleza kwamba mbele na nyuma ni mambo ya mtazamo. Akasema ndiyo maana sikuajiriwa reli.

Sikuajiriwa reli kwa sababu niliishia darasa la saba. Anajua. Mbwa yule.

Alhamisi, 30 Mei

Siku mbaya. Kikao cha mahujaji uani kwangu. Bwana Tyagi akapuliza filimbi, akasimama. Akasema tutasimama Devprayag, njiani, kwa kuhani wa watu wa Saharanpur. Kila wilaya ina kuhani wake pale, na kila kuhani ana mabuku ya koo: nani alipanda Badrinath, lini, na nani, baba yake nani, babu yake nani. Tutachukua karatasi yenye majina ya marehemu wetu kwa ajili ya matambiko.

Sawa. Mpaka hapo nilikuwa natikisa kichwa kama mjuzi.

Kisha akageuka kwangu, meno yote nje. Akasema tena tutapata heshima ya kuliona jina la kiongozi wetu kwenye buku. Mara tatu! Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Jioni Bimla alikuwa anachambua mchele. Bila kuinua kichwa akasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamwambia hii ina kilomita karibu mia nne. Halafu nikauma ulimi.

Jumamosi, 1 Juni

Nimepata mpango! Akili kama yangu ingepata shule, ingekuwa hatari.

Asubuhi nimetangaza kibandani kwamba dereva wa lori la tufaha ameniletea habari. Maskini kuhani wetu wa Devprayag ana tetekuwanga! Nyumba yote imetembelewa na Mungu Mama, maana ugonjwa huo ni yeye mwenyewe. Watu wakafumba macho, wakagusa masikio. Nyumba iliyotembelewa na Mungu Mama haibishwi hodi, hata mtoto anajua. Bwana Tyagi akafuta Devprayag kwenye ratiba kwa rula. Nilimwonea huruma kidogo. Kidogo sana.

Mchana tukaandikisha orodha ya abiria kwa karani wa vibali vya mabasi. Kazi! Kila mwanamke anatakiwa kutaja mumewe, na hakuna mwanamke wa mtaa wetu anayetamka jina la mumewe. Mke wa fundi bomba alimsonta wake kwa kidole. Mwingine alivuta pindo la sari usoni akacheka mpaka karani akakata tamaa. Bimla alikuja kunisindikiza tu; karani akamuuliza, naye akamfinya binti yetu Guddi ndiye aseme. Miaka kumi na tisa ya ndoa, jina langu halijawahi kutoka kinywani mwake. Mimi ni Baba Guddi, au "sikia wewe."

Ilipofika zamu ya Mama Mkubwa, yeye alitazama dari. Hana wa kumfinya. Nikaandika mwenyewe: mke wa marehemu Fundi Saa. Mtaa mzima tulimwita hivyo. Karani akagonga muhuri.

Nimefurahi kumsaidia.

Jumanne, 4 Juni

Tumeondoka! Nazi ikapasuliwa mbele ya gurudumu, Bwana Tyagi akapuliza filimbi, dereva Surjan akamwambia akipuliza tena atamshusha.

Vita vya kiti cha mbele vilidumu mpaka nje ya mji. Nikaamua kama mfalme: Mama Mkubwa akae. Wengine wakanitukana kwa adabu. Mimi nikapata gunia la viazi kwenye njia ya katikati. Kiongozi hukaa na watu wake.

Baada ya Rishikesh kona zikaanza. Mlima kushoto, mto chini kabisa, na basi katikati linajinyonga kama nguo inayokamuliwa. Mimi sina tabia ya kutapika. Lazima ilikuwa samli. Niliinuka taratibu, nikatoa kichwa dirishani, nikamaliza kwa siri. Bwana Tyagi alikuwa kwenye dirisha linalofuata. Siri ikaisha.

Devprayag nilimwambia Surjan asisimame, akanyage mafuta. Mahujaji wakafungua madirisha, mikono wameunganisha, wakaielekea nyumba ya kuhani wakamwombea kwa sauti apone. Mama Mkubwa aliomba kuliko wote. Barazani kulikuwa na mtu mnene, kifua wazi, anakula, katutolea macho. Nikatazama viazi.

Mama Mkubwa baadaye akaniuliza kama kule juu watahitaji ile karatasi ya majina. Nikamwambia asihangaike, mara zangu zote tatu hawakuuliza karatasi. Akanipapasa mkono. Mkono wake mwepesi kama ganda la kitunguu.

Jumatano, 5 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Nilitaka kurudisha heshima baada ya kutapika. Kwa hiyo tulipopita Chamoli nikamwambia Surjan naijua njia ya mkato. Kulikuwa na njia kweli! Ilikuwa na alama za magurudumu! Surjan akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Mara ya pili aliniita "bwana mkubwa" kwa namna ambayo haikunipendeza. Tukaenda. Njia ikaishia kwenye machimbo ya kokoto. Wavunja mawe sita wakatutazama. Mmoja akauliza kama tumekuja kuabudu kokoto.

Basi lilirudi nyuma kinyumenyume kwa saa mbili, Bwana Tyagi ametangulia na filimbi, akawa na siku njema kuliko zote tangu astaafu.

Tukafika Joshimath jioni. Mbele kuna geti. Geti! Barabara ya juu ni nyembamba, magari hupanda kwa mafungu, saa maalumu, na fungu la mwisho lilikuwa limeondoka. Mlinzi akasema mpaka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Nikamuuliza geti hilo limewekwa lini. Akasema yeye alizaliwa akalikuta.

Basi zima likanigeukia. Bwana Tyagi akaniuliza kwa upole, upole wa kisu, mara zile tatu nilibebwa juu na tai?

Nikasema mimi nilikuja kipindi geti linapakwa rangi. Mara zote tatu. Hakuna aliyecheka. Mama Mkubwa aliuliza jambo moja tu: kesho, kabla ya saa sita, tutawahi? Surjan akamjibu yeye, si mimi. Akasema, "Tutawahi, mama."

Alhamisi, 6 Juni

Tulipita getini na fungu la kwanza. Saa mbili na nusu tulikuwa juu. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya hekalu kama blanketi lililolowa.

Na hekalu si la marumaru nyeupe. Lina rangi zote. Nyekundu, manjano, buluu, kijani, kama lori la harusi. Watu ishirini na sita walilitazama hekalu, kisha wakanitazama mimi. Nikasema wamelipaka. Mke wa fundi bomba akasema watu wa huku wanapenda kupaka rangi kweli, hekalu, geti, kila kitu.

Tukaoga kwenye maji ya moto, tukashuka Brahma Kapal. Foleni ndefu. Zamu yetu ilifika saa tano kasoro. Nikavaa pete ya nyasi kidoleni. Wali wa moto mbele yangu, matonge nimefinyanga vizuri kabisa, hata kuhani wa pale alisifu. Nikafikiri, Lekhraj, umevuka. Mama Mkubwa ameketi nyuma yangu, kashika ncha ya shati langu.

Kuhani akasema taja jina la marehemu.

Nikasema Fundi Saa.

Akasema hiyo ni kazi. Jina.

Nikageuka. Nikamwangalia Bwana Tyagi, akaangalia viatu vyake. Mwenye duka la peremende akatikisa kichwa. Miaka arobaini mtu amekaa kona yetu, ametutengenezea saa zote, tumekula harusini kwake, tumebeba jeneza lake. Hakuna hata mmoja anayelijua jina! Kuhani akasema bila jina tonge haliendi kwa mtu, linakwenda mtoni kulisha samaki. Akauliza karatasi yetu ya Devprayag iko wapi, watu wa Saharanpur wote huja na karatasi. Fundi bomba akamweleza kwa huzuni kwamba kuhani wetu ana tetekuwanga. Kuhani akashangaa. Akasema alikuwa kwake Jumatatu hii. Wamekula pamoja. Yule bwana anakula kwa watu watatu.

Sikugeuka tena. Niliyasikia macho mgongoni kama jua la saa nane.

Nyuma yetu foleni ikaanza kunung'unika. Kuhani akatazama kivuli cha ukuta, akasema mjane ataje mwenyewe. Mama Mkubwa akavuta pindo la sari mpaka kidevuni. Tangu aolewe, akiwa na miaka kumi na sita, hajalitamka. Si mbele ya mama mkwe, si hospitalini mumewe alipokuwa anakata roho, si siku ya kuchomwa. Hajalitamka hata gizani. Jina angelipata kwenye karatasi, limeandikwa na mkono wa mtu mwingine, likasomwa na mwingine, na yeye midomo yake ikabaki ilivyo. Karatasi niliyoipita kwa kasi nikitazama viazi.

Nikatamani mto unichukue. Maji yalikuwa hatua nne tu.

Kisha shati langu likavutwa. Nikainama. Pindo la sari likanigusa sikio, na ndani yake, kwa sauti ya msichana, naapa ya msichana, akasema, "Hazarilal."

Nikalirudia kwa kuhani. Akasema kwa nguvu. Nikalirudia. Akasema mara tatu. Kila nikilitaja, ule mkono uliokuwa umeshika shati langu ulishtuka, kama mtu anayesikia mlango wake unagongwa. Matonge yakaenda. Saa sita kasoro robo.

Baadaye nilimletea chai. Nikasema anisamehe. Akasema jina lile alilificha chini ya ulimi miaka hamsini na minane, kama peremende ambayo mtu hataki iishe. "Leo imeisha, mwanangu," akasema. Akanywa chai.

Afadhali angenipiga fimbo.

Jumamosi, 8 Juni

Tunashuka. Kwenye basi hakuna anayenisemesha. Hata viazi vimekwisha, nakaa kwenye gunia tupu.

Devprayag Bwana Tyagi hakupuliza filimbi. Alisema tu, "Simamisha." Surjan akasimamisha.

Kuhani wetu akatoka, yuleyule mnene, ngozi safi kama birika jipya. Akasema Jumanne basi zima lilipita likimwombea kwa kelele, akamwambia mkewe labda amekuwa mungu na hakuarifiwa. Hapo watu wakacheka kidogo. Nilishukuru.

Kisha Bwana Tyagi akaomba buku la akina Saini wa mtaa wa maseremala. Kuhani akafungua kamba, akalaza buku refu jembamba sakafuni. Bwana Tyagi akavaa miwani, akasoma mwenyewe kwa sauti ya stesheni. Babu yangu, alikuja kwa miguu. Baba yangu, Khushiram Saini, fundi wa meza, alikuja na mkewe. Kisha mstari mmoja zaidi, na hapo sauti ya Bwana Tyagi ikapungua mwendo kama treni: mtoto mmoja, Lekhraj, miaka sita, ameachwa nyumbani na homa, ataletwa.

Chini ya hapo karatasi tupu. Nyeupe tupu kuanzia juu hadi chini. Marumaru.

Baba alifariki mwaka uliofuata. Ile homa naikumbuka. Nakumbuka niliambiwa wanarudi na mimi nitapelekwa, na nikawaambia watoto wenzangu wote kwamba nimeshapelekwa.

Nilisubiri kicheko. Bwana Tyagi alikuwa amekingoja tangu Mei, haki yake. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaifuta tena. Hakucheka. Hakuna aliyecheka. Aibu ya kuchekwa naijua, nimeizoea, ni kama mbwa wangu. Hii sikuijua.

Mama Mkubwa akasema, kama anayezungumzia hali ya hewa, kwamba yeye alijua tangu siku ya kibanda cha chai. Baba wa nyumba yake, yaani mumewe, alipanda mara moja tu, ujanani, akarudi akakaa mwaka mzima hasemi chochote. Mtu anayesema mara tatu hajafika. Nikamuuliza, sasa kwa nini mimi? Akasema alikuwa anatafuta mtoto, hakuwa anatafuta mjuzi. Wajuzi mtaani wamejaa.

Kuhani akanipa kalamu nijiandike chini ya baba. Nikajiandika, herufi zangu zinapanda na kushuka kama barabara yenyewe. Kisha akafungua buku la Hazarilal, akauliza aliyeshika matonge ni nani yake. Nikafungua mdomo kueleza. Mama Mkubwa akaniwahi. Akasema aandike mwana.

Bwana Tyagi akanipa kiti chake mpaka Rishikesh. Nilitapika mara mbili. Alinishikia shati.

Jumatatu, 10 Juni

Nyumbani. Nimelala kama gogo. Bimla hajaniuliza kitu. Amenipikia mboga ya karela, chungu kama ukweli, nikala yote. Nimeapa mbele ya picha ya baba: kuanzia leo, ulimi huu utasema kilichopo tu.

Saa kumi nikapita kibanda cha chai. Kupita tu! Walikuwepo vijana wa mtaa wa pili ambao hawakusafiri nasi. Wakauliza Badrinath ilikuwaje. Nikasema nzuri. Nikanyamaza. Nilinyamaza muda mrefu, nusu glasi nzima. Nikaona ninavyofanana na marehemu Hazarilal. Kisha mmoja akasema wao wanafikiria Amarnath mwezi wa nane, kwenye lile pango la barafu, ila hawana mtu anayeijua njia.

Sijui nini kilitokea. Moyo mkubwa, basi. Nikasikia sauti inasema Amarnath nimefika mara mbili, na barafu ilinimeremetea. Ilikuwa sauti yangu.

Mpaka magharibi, majina kumi na saba. Kiti cha mbele nimeshawaahidi watatu. Bwana Tyagi alikuwa amekaa benchi la nyuma, amesikia kila neno. Akatoa rula mfukoni akaanza kupiga mistari ya ratiba. Mama Mkubwa alipita na fimbo yake, akanigonga nayo ugoko, si kwa nguvu, akaenda zake kwa kupapasa ukuta.

Ugoko bado unauma. Niandike sasa, maana daftari hili halisomwi na mtu. Sikuzaliwa na bahati yoyote. Mawingu hayajawahi kunifungukia. Badrinath nimefika mara moja, Alhamisi iliyopita, na Amarnath siijui hata iko upande gani. Yale ya ukurasa wa kwanza ni uongo.